1902: Mwaka Mwenye Nyumba Alipobadilishwa

Kila mjadala wa ardhi unapopamba moto nchini Kenya, kuna kauli moja isiyokosekana: "Wazungu walikodi kwa miaka 99, na miaka hiyo imekwisha." Nimeisikia kwenye matatu ya kutoka Nanyuki kwenda Rumuruti, nimeisikia matangani, na nimeisikia kwa watu waliosomea sheria. Sasa imepata nguvu mpya. Muda wa kupeleka madai ya dhuluma za kihistoria mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi ulikwisha Septemba 2021, miaka mitano tangu uanze kuhesabiwa, na kifungu chenyewe kilichoipa Tume kazi hiyo kiliwekewa ukomo wa miaka kumi, yaani 2026. Bungeni kumekuwa na juhudi za kulifungua dirisha hilo tena. Lakini wapo wanaouliza tume ya nini na madai ya nini, maadamu mikataba inakwisha mmoja baada ya mwingine, na mkataba ukiisha mali hurudi kwa mwenyewe.

Tatizo liko kwenye neno hilo, "mwenyewe". Nyumba ya kupanga ikiachwa na mpangaji hurudi kwa aliyeipangisha. Na aliyepangisha Bonde la Ufa hakuwa Mmaasai, wala Mnandi, wala Mkipsigis, wala Mkikuyu. Alikuwa Mfalme wa Uingereza, kupitia Kamishna wake aliyekaa katika nchi ambayo Uingereza yenyewe ilikuwa bado haijaitangaza kuwa koloni. Kiti hicho cha mwenye nyumba kilitengenezwa kwa karatasi, na karatasi zenye uzito zaidi ziliandikwa mwaka 1902. Kwa hiyo dhuluma ya mwaka ule haikuwa kuletewa mpangaji mbaya. Mwenye nyumba alibadilishwa, na tangu siku hiyo kiti chake hakijawahi kurudishwa kwa waliokuwa wamekikalia. Kimerithiwa tu. Anayesubiri mikataba iishe anasubiri mali irudi kwa mtu mwingine.

Tuanze na jambo ambalo hata vitabu vingi vya shule hulipita haraka. Tarehe 15 Juni 1895 Uingereza ilitangaza himaya juu ya Afrika Mashariki, na himaya si koloni. Kwa sheria ya Waingereza wenyewe, nchi iliyo chini ya himaya ni nchi ya kigeni inayolindwa: mlinzi ana mamlaka juu ya watu wake waliomo humo na juu ya mambo ya nje, lakini udongo si wake. Washauri wa sheria wa serikali ya London mwanzoni walilisema hivyohivyo, kwamba kutangaza himaya peke yake hakumpi Mfalme umiliki wa ardhi. Mwezi Desemba 1899 wakageuka. Wakashauri kwamba pale ambapo hakuna "serikali iliyotulia", na ardhi haijamilikishwa mtawala wa mahali wala mtu binafsi, Mfalme anaweza kuigawa ardhi tupu kwa sababu tu anaitawala. Agizo la mwaka 1901 likaweka ushauri huo katika sheria, na ardhi ya umma ya himaya ikawa ardhi ya Mfalme. Kenya yenyewe ilikuja kutwaliwa rasmi kuwa koloni mwaka 1920. Ardhi ilitangulia kuchukuliwa kwa takribani miaka 20, nchi ikafuata.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa msingi uliwekwa 1899 na 1901, kwa nini tushikilie 1902? Kwa sababu msingi si nyumba. Mwaka 1902 mambo mawili yalifanyika, moja Aprili na jingine Septemba, na hakuna hata moja ambalo lingeleta madhara yaleyale bila mwenzake.

La Aprili lilihusu mpaka. Wengi hatukumbuki kwamba Bonde la Ufa, kuanzia sehemu za Naivasha hadi Kisumu, lilikuwa upande wa Uganda. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa Ziwa Victoria Desemba 1901, baada ya kula zaidi ya pauni milioni tano za walipa kodi wa Uingereza na maisha ya vibarua wapatao 2,500 kati ya zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Njia hiyo ilikatiza himaya mbili zenye wakuu wawili, na London ikaona usumbufu. Tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda likahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki. Sababu iliyotajwa ilikuwa ya kiofisi tu, yaani reli yote iwe chini ya mkuu mmoja. Hakuna mzee wa Kinandi, wa Kipsigis, wa Kijaluo wala wa Kimaasai aliyeulizwa. Waliamka wakiwa Uganda na kulala wakiwa katika nchi nyingine.

Ukitaka kujua uzito wa tendo hilo, tazama lililofanyika Uganda miaka miwili kabla. Machi 1900 Waingereza walikaa na wakuu wa Buganda wakaandikiana mkataba, na katika mkataba ule ardhi ya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa iliyopimwa kwa maili za mraba, iligawiwa kwa jina: ya Kabaka, ya machifu, ya watu binafsi. Mkataba huo una kasoro zake, na bakopi, wakulima wa kawaida wa Buganda, waliziona mapema. Lakini angalau unaonyesha kwamba watawala wale walijua kuzungumza juu ya ardhi na Mwafrika walipotaka. Buganda ilikuwa na mfalme, baraza na ngazi za utawala ambazo jicho la Mwingereza lilizitambua kuwa "serikali iliyotulia". Wamaasai walikuwa na marika na laiboni, kiongozi wao wa kiroho, Wanandi walikuwa na orkoiyot, kiongozi wa namna hiyohiyo, na kokwet, mabaraza ya mtaa, Wakikuyu walikuwa na mbari, yaani ukoo, na githaka, ardhi ya ukoo, ambayo ilikuwa na mipaka, mashahidi na kanuni za kurithi zilizo wazi kuliko hati nyingi za leo. Yote hayo hayakuhesabiwa. Tofauti ya wale waliogawiwa mailo na wale waliogeuzwa wapangaji haikuwa kwamba hawa walikuwa na ardhi na wale hawana. Ilikuwa sura ya utawala wao machoni pa mgeni.

La Septemba lilikuwa Sheria ya Ardhi ya Mfalme, iliyotoka tarehe 27 mwezi huo. Kamishna Charles Eliot, aliyeshika kazi mwaka uliotangulia, alitaka reli ilipe gharama zake, na kwa mawazo yake mzigo wa kuijaza mabehewa ungetoka kwa mkulima wa Kizungu. Tayari mwanzoni mwa mwaka kikundi kidogo cha Wazungu mjini Nairobi kilikuwa kimejikusanya kudai nyanda za juu ziwe zao na Wahindi wasiruhusiwe. Sheria ikampa Kamishna uwezo wa kuuza ardhi moja kwa moja hadi ekari 1,000 kwa mnunuzi, na kukodisha kwa miaka isiyozidi 99. Ndiko ilikotoka ile 99 inayotajwa matangani.

Sheria hiyo inafaa kusomwa kwa makini, hasa pale inapomtaja mwenyeji. Ilimwagiza Kamishna azingatie haki na mahitaji ya wenyeji, na ikamkataza kuuza au kukodisha ardhi ambayo wenyeji wanaikalia kweli. Ukiishia hapo utasema ilikuwa sheria ya haki. Lakini kifungu kinachofuata kilimruhusu kukodisha eneo lenye vijiji ndani yake bila kuvitenga kwenye ramani. Vijiji vilihesabiwa kuwa nje ya mkataba kwa muda ule tu ambao watu wangeendelea kuvikalia. Wakihama, kipande chao kinaingia moja kwa moja katika shamba la mlowezi. Soma tena ukiwa na mfugaji akilini. Mmaasai aliyetoka na ng'ombe wake wakati wa kiangazi kwenda malisho ya mbali, kama babu zake walivyofanya ili nyasi za nyumbani zipumue, kisheria ameiacha ardhi. Mkulima wa Kikuyu aliyepumzisha shamba ili lirudishe rutuba, kisheria ameliacha. Haki pekee iliyobaki kwa mwenyeji ilikuwa haki ya kutosogea, na watu wale uhai wao ulitegemea kusogea.

Hapa ndipo inapoingia hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo bado inaandikwa na watu wazima: kwamba nyanda zile zilikuwa tupu. Ni kweli wasafiri wa miaka ile waliona maeneo makubwa yasiyo na moshi. Lakini waliyaona lini? Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe, na kwa Mmaasai ng'ombe akifa, boma linafuata. Ndui ikapita. Kisha kati ya 1897 na 1900 mvua zikagoma, nzige wakaja, na njaa ikaua watu wengi kuanzia nyika za Pwani hadi Ukambani na kusini mwa nchi ya Wakikuyu. Wa Kiambu waliobaki hai walirudi kwa jamaa zao Murang'a kusubiri hali itengemae. Tena ni njaa iliyokuja wakati misafara na kambi za reli zikinunua chakula cha nchi. Aliyefika 1902 akasema pametelekezwa alikuwa kama mtu aliyeingia nyumba yenye msiba, akakuta wenyewe wako makaburini, akaandika kwamba nyumba haina watu. Waliporudi walikuta vigingi. Na mwaka huohuo wa "ardhi tupu" ulianza kwa kuundwa kikosi cha KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la askari Waafrika, tarehe 1 Januari, na Septemba ileile ya sheria ya ardhi askari wake walikuwa Murang'a wakichoma vijiji. Nchi tupu haihitaji kupelekewa jeshi.

Jinsi karatasi zile mbili zilivyofanya kazi pamoja, mfano wake ni Njoro. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza, aliomba ardhi, na mwaka 1903 akapewa ekari 100,000 huko kwa mkataba wa miaka 99. Bila tendo la Aprili, Njoro ingekuwa Uganda na Eliot asingekuwa na la kusema juu yake. Bila sheria ya Septemba, Eliot asingekuwa na cha kutoa. Katika mkataba ule kulikuwa na pande mbili, Delamere na Mfalme. Waliokuwa wakilisha mifugo pale hawakuwa upande wowote. Kwa hesabu ya kawaida miaka 99 ilitimia 2002. Kama kauli ya matatu ingekuwa kweli, mwaka ule wangeitwa Njoro kupokea ufunguo. Hakuna aliyewaita, kwa sababu hakuna jina lao popote.

Kuna watakaonijibu kwamba Wamaasai waliandikiana. Ndiyo, na mkanganyiko mkubwa wa kauli ya "miaka 99" unatoka hapo. Agosti 1904 Olonana, laiboni wa Wamaasai, na viongozi wengine waliweka alama zao kwenye makubaliano ya kuhama kutoka Bonde la Ufa kwenda maeneo mawili, moja Laikipia na moja kusini, yaliyoahidiwa kuwa yao maadamu kabila la Wamaasai lipo duniani. Yale hayakuwa makubaliano ya kukodisha. Hayana miaka 99 wala 100, hayana kodi. Yalikuwa ya kuhamishwa, kwa ahadi ya milele ambayo haikufikisha miaka saba: mwaka 1911 waliambiwa waondoke na Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani, mwaka 1913 kesi yao ilitupwa kwa sababu ambayo kila Mwafrika Mashariki angepaswa kuijua. Mahakama ilisema Himaya ya Afrika Mashariki si nchi ya Mfalme, Wamaasai ni wageni walio chini ya ulinzi wake, na makubaliano yale ni mapatano baina ya mataifa ambayo mahakama haiwezi kuyaamua. Yaani kwenye kugawa ardhi, Mfalme alikuwa na mamlaka ya kutosha kuwa mwenye nyumba. Kwenye kushitakiwa, hakuwa mwenye nchi.

Kwa hiyo Agosti 2004, wakati wafugaji walipoingia na mifugo kwenye ranchi za Laikipia wakisema miaka 100 imetimia, walikuwa na haki ya kuumia, lakini walishika karatasi isiyo yao. Jibu la serikali ndilo lililonifundisha zaidi. Haikusema, "Twendeni tukaangalie mlikodisha kwa nani." Ilisema mikataba ile ni ya miaka 999 na bado haijaisha. Ilijibu kama mwenye nyumba anayejua mpangaji wake amebakiza muda gani.

Na kisheria ilikuwa sahihi, hilo ndilo la kusikitisha. Mwaka 1915 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya 1902, ikaruhusu mikataba ya miaka 999, na ikapanua maana ya ardhi ya Mfalme hadi ikaimeza hata ile iliyokaliwa na wenyeji. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, akiamua kesi ya Wakikuyu wawili juu ya kipande cha githaka, akafunga mlango: baada ya sheria ya 1915 na kutwaliwa kwa koloni 1920, Mwafrika alikuwa mpangaji tu wa Mfalme, anayeweza kuondolewa wakati wowote. Kilichoanza 1902 kama haki ya kukaa mradi usisogee kilikuwa kimekwisha kabisa. Pwani walipita njia nyingine, kwa sheria ya hatimiliki ya 1908 iliyowapa watu muda wa kuthibitisha madai, na ardhi ambayo haikuthibitishwa ikawa ya Mfalme. Mmijikenda aliyekuwa akilima shamba la ukoo lisilo na cheti akageuka skwota, mkaaji asiye na hati, na wajukuu wake wa Kilifi na Kwale wanaitwa hivyo mpaka leo.

Bendera ilipobadilika 1963, sheria ya 1915 haikuchomwa. Ilibadilishwa jina. Neno "Mfalme" likaondolewa, "Serikali" ikaingia, na ikabaki kwenye vitabu vyetu hadi ilipofutwa mwaka 2012. Ni karibu miaka 50 ya uhuru tukiendeshwa na sheria ya walowezi yenye jina la Kiafrika. Katiba ya 2010 ilirekebisha mengi na sitaki kuidharau. Imetambua ardhi ya jamii, ikiwemo ya mababu na ya wawindaji. Lakini angalia ilivyoshughulikia mikataba ya 999. Iliyokuwa mikononi mwa wasio raia ilipunguzwa kuwa ya miaka 99 kuanzia 27 Agosti 2010, kwa hiyo itafika 2109. Na ardhi waliyoimiliki bila kikomo cha muda ilirudi kwa Jamhuri, kisha wakapangishwa na Jamhuri. Neno lililotumika ni "kurudi", kana kwamba hapo awali ilitoka kwa Jamhuri. Na Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mkataba ukikaribia kuisha, aliyekuwa nao apewe nafasi ya kwanza ya kuupata tena, mradi ni raia wa Kenya na serikali haiihitaji kwa shughuli za umma. Wakulima wengi wakubwa wa nyanda za juu ni raia. Mkataba wao ukiisha, kisheria wanaotazamwa ni wao na serikali. Anayengoja nje ya lango hatazamwi.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza, kwa sababu inasemwa na watu wanaojali damu isimwagike. Wanasema afadhali serikali iwe mwenye nyumba, kwani ukianza kuuliza ardhi ilikuwa ya nani 1902 hutamaliza. Laikipia Wamaasai wenyewe waliichukua kwa vita kutoka kwa Wailaikipiak, kundi jingine la wasema Kimaa, miaka ya 1870. Misitu ya Mau ilikuwa ya Waogiek, jamii ya wawindaji, kabla ya wote. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa baada ya 1962 na Wakenya maskini waliochanga senti zao kwenye vyama vya ushirika, na mtoto wao hana nchi nyingine ya kwenda. Tuliyaona ya 2007 na 2008, ghasia za baada ya uchaguzi. Tanzania ardhi yote iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya raia, na kwa ujumla ukabila wa ardhi haujawararua kama ulivyoturarua sisi. Hoja hii ina uzito, na kila anayedai haki anapaswa kuibeba.

Lakini tunachukulia kwamba kutambua lazima kuwe kufukuza, na sivyo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipoamua mwaka 2017 kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, na mwaka 2022 ikaagiza fidia na hati ya ardhi ya pamoja kwa jina la jamii, haikuagiza Mkenya yeyote atupwe barabarani. Tukumbuke pia kwamba Tanzania nayo ilirithi kiti kilekile. Sheria ya Waingereza ya 1923 ndiyo iliyofanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya Gavana, na ndiyo maana Wameru wa huko waliofukuzwa Engare Nanyuki, kaskazini mwa Tanganyika, mwaka 1951 walilazimika kumtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa. Mwenye nyumba mmoja si mbaya kwa sababu ni mmoja. Anakuwa mbaya asipolazimika kumjibu yeyote.

Kwa hiyo madai yaelekezwe kwa aliyekikalia kile kiti, na huyo ni Jamhuri ya Kenya. Kuwashika walowezi waliobaki peke yao ni kubishana na mpangaji ilhali mwenye nyumba ameketi sebuleni. Sheria ya Tume ya Ardhi inahesabu dhuluma kuanzia 15 Juni 1895. Kifungu hicho kikifa bila kuhuishwa, hakuna chombo kingine cha kitaifa kinachobaki na kazi hiyo mahsusi. Mkataba wa shamba la chai la Kericho au ranchi ya Laikipia unapofika mezani kuongezwa muda, jamii iliyoondolewa ipewe kiti katika kikao kile kwa sheria, iambiwe kodi ni kiasi gani, sehemu yake irudi kwenye visima na shule za eneo hilo, na njia za maji na za mifugo zitengwe kabla kalamu haijashuka. Uingereza nayo isijifiche nyuma ya 1963. Mfalme Charles alipokuja Nairobi mwaka 2023 alizungumzia majuto juu ya ukatili wa kikoloni, na hakuomba radhi rasmi. Karatasi za Aprili na Septemba 1902 zilitiwa saini kwa jina la babu wa babu yake, na ramani zilizochorwa baada ya hapo ziko kwenye kabati za Ardhi House, Nairobi. Wazee wa Njoro, Naivasha na Kapsabet waanze kwa kuomba kuziona.